Nafula, Hii Simu ya Vitufe Bado Inanitosha

Nafula wangu, mtoto wa mvua,

Kabla hujasoma zaidi, teleka chai. Najua huko Kigali unakunywa kitu chochote ukiwa umesimama, lakini leo weka maziwa, tia tangawizi kama unayo, kisha uketi. Usishtuke. Hakuna aliyekufa, cherehani yangu ni nzima, na paa halivuji isipokuwa pale pa siku zote. Nataka tu uketi, kwa sababu barua hii ni ndefu na vidole vyangu vimeitolea jasho. Herufi zote hizi nimezibonyeza moja moja kwa vidole gumba, hapa kibandani kwangu Kawangware 56, wateja wakinisubiri nami nikiwaambia, "Ngojeni kidogo, namwandikia mtoto."

Kwenye barua yako ya juzi ulisema umeona simu ya kuninunulia dukani. Kubwa, mbele kioo kitupu, nyuma kamera zimepangana kama vifungo vya koti. Ukasema utampa dereva wa basi, mimi nikaichukue mjini, tuwe tunaonana sura kwa kioo, na hii ya vitufe niitupe ama nimpe mtu. Ukaandika, "Mama, hiyo simu imezeeka, inakuaibisha." Hiyo sentensi nimeisoma tena na tena. Mimi siaibiki upesi, unanijua. Lakini umeuliza, na mtu akiuliza vizuri hujibiwa vizuri. Nitaupima uzuri wa simu hii na ubaya wake, bila kuipendelea, halafu nikwambie neno langu.

Unakumbuka siku uliyoileta? Tulikuwa tumetoka Raila, kule Kibera, tukaingia hapa Kabiro kwa ploti ya Baba Wanjiku, na bado vyombo vilikuwa kwenye magunia. Ofisi yenu ya kwanza, ile ya Upper Hill, ilikuwa imewanunulia wakubwa simu mpya, nanyi mkaruhusiwa kuchukua za zamani. Ulikuja nayo umeifunga kwenye kitambaa kama yai.

"Mama, hii ni simu ya mabosi," ulisema.

Nikaitazama, vitufe vimejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Nikakuuliza, "Bosi gani huyo anatumia simu yenye meno?"

Ulinieleza kwamba mabosi hawana haja ya picha na nyimbo, wanataka barua. Barua iingie, ijibiwe, iondoke. Ukaketi sakafuni, ukanifungulia anwani yangu ya imeili, ya kwanza maishani. Kisha ukaniuliza cheo changu ni nini. Nikasema fundi wa kushona. Ukasema, "Hiyo ni kazi, Mama. Mimi nataka cheo." Ukaandika mwenyewe, bila kuningoja: Mama Nafula, Mkurugenzi, Nafula Yunifomu, Kawangware 56.

"Mkurugenzi wa nani?" nikauliza. "Niko peke yangu na cherehani."

"Basi wa cherehani," ukasema.

Tulicheka mpaka Kageha, jirani yetu wa ukuta mmoja, akagonga akitaka kujua tunakula nini. Tangu siku hiyo, imeili yoyote ninayotuma huondoka na mistari hiyo chini yake, yenyewe, kama mkia wa ng'ombe. Hata nikimwandikia mtu neno moja, "Sawa," chini yake anakuta Mkurugenzi. Sijui kama nimewahi kukushukuru vya kutosha kwa huo mkia.

Sasa uzuri wake. Juu pale kwenye paji la uso, simu hii ina taa ndogo nyekundu. Imeili ikiingia, taa inaanza kukonyeza. Wewe unajua kelele za hapa 56: huyu anapigilia mabati, saluni imefungulia redio, makanga wa matatu wanaita watu wa mjini. Simu ikilia siisikii. Lakini huku nikikanyaga cherehani, jicho la pembeni linaona kitu chekundu kinanikonyeza, nami najua kuna shule inataka masweta. Na kama hakuna taa, hakuna barua, naendelea na pindo langu. Watu wenye simu kubwa wanazishika kila mara hata kama hazijawaita.

Halafu vitufe vyenyewe. Vina mgongo. Kidole kikifika, kinajua kimefika. Baba Wanjiku, landlord wetu, ambaye ukoo wake ulilima viazi hapa kabla hata bati moja halijasimama, alikuja na simu yake kubwa kama dirisha, akanitia mkononi. "Jaribu, Mama Nafula, uingie dunia ya leo." Nikagusa kioo, kimya. Nikagusa tena, kimya.

"Kioo chako hakinioni, Baba Wanjiku."

"Bonyeza polepole."

"Nimebonyeza mpaka nimesali."

Vidole hivi, mwanangu, sindano imevichoma na pasi imevikausha miaka yote hiyo, ngozi imekuwa kama ya kiatu. Kioo hakijui kama ni mtu anakigusa ama ni kijiti. Na yeye Baba Wanjiku, baada ya kunicheka, unajua alichosema? "Basi nisaidie nichaji kidogo hapa kwako." Simu yake haifiki jioni. Yangu naichaji leo, kesho bado ina nguvu, hata stima ikipotea.

Na haiibiwi. Nilinyang'anywa pale steji, kijana mmoja akakimbia nayo kidogo, akaigeuza, akaitazama, akarudi anatembea. "Mathe, shika kalkuleta yako," akaniambia, na pole juu yake. Hiyo simu yako ya kioo ingerudi?

Lakini uzuri wake mkubwa wewe huujui wote, kwa sababu umekuwa mbali. Nusu ya ploti hii wanatumia imeili yangu. Mtu akiandika barua ya kuomba kazi, chini anaweka anwani ya Mama Nafula. Wao wana simu kubwa, ndio, lakini huyu amesahau neno la siri, huyu bando imeisha, wa tatu simu yake iko kwa fundi tangu Pasaka. Mimi niko siku zote, na taa yangu inakonyeza. Nadhani kuna makampuni huko mjini yanaamini Mama Nafula ni dereva wa lori, ni fundi wa mabomba, ni mpishi, na bado ni mkurugenzi.

Majibu yakija nawasomea. Sisomi hivi hivi tu, unajua tulivyolelewa. Nyanya yako kule Bungoma alisema habari nzito inataka mtu aliyekaa na kikombe mkononi, kwa sababu mtu mwenye kikombe hawezi kujipiga kifua wala kukimbilia barabarani. Kwa hivyo barua ikiwa nzuri, naita jina la mtu kutoka kibandani mpaka 56 yote ijue. Ikiwa mbaya, nampikia chai kwanza. Watu wakagundua. Sasa nikimkaribisha mtu chai, anaanza kutetemeka.

Siku ya jibu la Kageha, alikuwa ameomba kazi ya upishi kwa hoteli fulani. Nikamwita, "Kageha, njoo tunywe chai." Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hiyo ni chai ama ni imeili?"

"Ni chai, dada."

"Ina sukari?"

"Ina."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Basi wamenikataa," akasema, akaketi.

Alilia kidogo, akafuta macho kwa leso, akauliza kama kuna mandazi. Baadaye jibu lingine likaja, la hoteli nyingine, na siku hiyo sikuteleka hata maji. Nililiita jina lake mpaka yule wa mabati akaacha kupiga nyundo. Leo Kageha anavaa kofia nyeupe, na mimi ndiye niliyemsomea. Niambie kama hiyo ni simu ya kutupa.

Lakini nimesema sitaipendelea, kwa hivyo sikiliza na ubaya.

Wanawake wa chama chetu walihamia kwa kundi la kuchati. Ile programu ilikuwemo kwenye simu hii, ikafanya kazi, halafu siku moja ikaniambia kwa heshima kabisa kwamba simu yangu haihudumiwi tena. Kama duka lililokujua miaka halafu likakufungia. Basi wanawake wakabadilisha nyumba ya mkutano, wakaandika kwenye kundi. Mimi sina kundi. Nikapika chapati, nikazifunga kwenye hotipoti, nikaenda nazo mpaka Raila kwa rafiki yetu wa zamani, maana ndiko ilikokuwa zamu. Kufika, mlango umefungwa kwa kufuli. Kumbe wamekaa kwa Kageha. Ukuta mmoja na wangu, Nafula. Nimeziacha sauti zao nyuma ya ukuta nikaenda kuzitafuta Kibera. Zile chapati, waliozila ni majirani wa zamani, na waliniambia nije hata kesho nikipotea tena.

Kioo nacho ni kidogo na kimefifia. Shule moja ilinitumia picha ya nembo yao kwa imeili, nidarizi kwenye mifuko ya mashati. Nikaivuta karibu, nikaona ndege. Nikadarizi ndege. Mwalimu mkuu aliposhika shati la kwanza aliligeuza huku na huku, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu ni kuku?" Alikuwa tai. Nilifumua mifuko yote na kuanza upya, Kageha akipita nyuma yangu akiwika. Kwa hivyo hapo simu yako ya kioo ingenisaidia, sikatai.

Na kuna ubaya mwingine, huu ndio ulionifanya niandike.

Imeili humpa mtu nafasi. Unaandika, unafuta, unapanga upya, unapaka poda, ndipo unatuma. Nilikuwa nahesabu huo ni uzuri. Mimi na wewe tungekuwa tunapigiana simu kila siku tungesema, "Unanisikia? Mimi sikusikii," na salio linaisha. Kwa imeili uliniandikia mambo ambayo mdomo haungetoa. Ulinieleza mvua ya huko inavyoshuka milimani. Uliniambia umemwota baba yako. Hizo barua zote ziko humu ndani ya vitufe, na nikiwa na huzuni nazisoma tena.

Lakini ile nafasi ya kufikiri ndiyo hiyo hiyo nafasi ya kuficha. Mtu nikimsomea barua yake ana kwa ana, namwona koo likipanda na kushuka, najua nimwongezee sukari. Barua inayokuja kutoka mbali inakuja na maneno peke yake. Sura imebaki huko.

Kwa hivyo nilijifunza kuangalia kingine. Unajua barua zako za kazini zilikuwa na mkia, kama wangu. Nafula, Meneja Msaidizi, Idara ya Mizigo, halafu jina la kampuni, picha ndogo ya lori, na chini kabisa yale maneno madogo ya kusema barua hii ni siri ya mhusika peke yake. Mimi huo mkia nimeusoma kwa sauti mbele ya chama kizima. Hata yale ya siri niliyasoma. Baba Wanjiku alikuwa akinipita nasema, "Umesikia? Idara ya Mizigo," naye anajibu, "Nimesikia jana, Mama Nafula, na juzi."

Barua zako tatu za mwisho hazina mkia.

Ya kwanza nilidhani umeandika ukiwa likizo. Ilitoka kwa ile anwani yako ya zamani, ya chuo. Ya pili pia. Na hii ya simu kubwa pia, nayo ni ndefu, ina hadithi nyingi, na iliingia Jumanne saa nne za asubuhi. Nafula, zamani saa nne za asubuhi ulikuwa huna nafasi ya kuniandikia hata "Salama." Ulikuwa unanijibu wakati wa chakula cha mchana, mistari miwili, "Mama niko na lori mpakani, nitaandika."

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, lakini imeili za makazini nimezisoma kuliko mtu yeyote hapa Kabiro. Kuna mwalimu aliyekuwa akinipa oda za shule yake, barua zake zina mkia mrefu kuliko wako. Siku moja akaniandikia bila mkia, kwa anwani yake mwenyewe, ananiuliza habari za watoto, habari za biashara. Mwisho kabisa, kama kitu kidogo, akauliza kama nimesikia mahali wanatafuta mwalimu.

Sasa unajua kwa nini nilikwambia uketi na chai.

Sikuandika kukulaumu. Hebu rudi nami Raila kidogo, kwa kile chumba chetu cha udongo. Ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka maranda. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa mbao kwa karakana ya mtu, na jioni akirudi alikuwa na maranda kwenye mikunjo ya suruali. Ilikuwa kazi yako kuyakung'uta. Ulikuwa unayakusanya, unajifunga kichwani, unasema ni nywele za malkia. Nyumba yetu yote ilinuka mbao.

Halafu jioni moja ukakung'uta suruali, hakuna kitu. Ukaniuliza, "Mama, leo Baba hakuleta nywele?" Jioni iliyofuata pia hakuna. Asubuhi anabeba kisanduku chake cha vifaa, ananiaga, anaenda. Jioni anarudi amechoka kweli, viatu vina vumbi, lakini maranda hakuna. Nilingoja Jumamosi, nikateleka chai ya maziwa, nikaweka vikombe viwili mezani, nikamwambia, "Baba Nafula, keti."

Akaangalia chai, akaniangalia mimi. "Nani amekuambia?"

"Suruali yako."

Baba yako alicheka mpaka akatoa machozi, na yale machozi hayakuwa ya kicheko yote. Karakana ilikuwa imempunguza kazini. Kila asubuhi alikuwa akitembea na kisanduku mpaka Industrial Area na kurudi, kwa sababu hakutaka kuniona nikimwona ameketi nyumbani. Mwanamume mzima, amebeba nyundo kutwa bila kupiga msumari. Nikamuuliza kilichomchosha zaidi ni nini, kukosa kazi ama kutembea. Akasema, "Kukuaga asubuhi."

Wiki iliyofuata alianza kutengeneza viti vidogo hapo mlangoni, na maranda yakarudi. Wewe ulikuwa chini ya meza wakati tunaongea. Unaona, hata wewe ni shahidi.

Mwanangu, na wewe umekuwa ukiniaga kila asubuhi.

Nimefikiria kwa nini hukuniambia. Kama ni kwa sababu ya mdomo wangu, kwamba Mama ametangaza Idara ya Mizigo mpaka mtaa wa Satellite na sasa ataweka wapi uso, basi huujui mdomo wangu. Mdomo huu una mengi ya kujisifia. Nitasema, "Binti yangu ameendesha mizigo ya nchi mbili, sasa amekuja kupumzika kwa mama yake, wewe wako yuko wapi?" Nani atanijibu? Nilikuwa najisifia wewe tangu ukiwa na nywele za maranda. Cheo kilikuja baadaye, kikanikuta nimeshaanza.

Na ukiwasomea wenzako huko barua hii si vibaya. Kuna wasichana na vijana wengi huko nje wanaoandika nyumbani kwamba kazi ni nzuri na hali ya hewa ni nzuri. Mama zao wanajua. Wanangoja tu maji yachemke.

Sasa neno langu kuhusu simu. Usininunulie. Iache dukani na kamera zake. Hiyo pesa ni kodi yako, ni chakula chako, na ikibaki ni tiketi ya basi. Ulitaka nione sura yako kwa kioo, nami naitaka hiyo sura kuliko unavyojua. Nataka kuona kama umekonda. Lakini kioo hakinioni mimi, nimekwisha kukwambia, na sitaki kukuona ukiwa umejipanga mbele ya ukuta mzuri huku unatabasamu. Niletee sura yenyewe. Njoo nayo kwa basi.

Hapa kazi iko, sikudanganyi kukufariji. Oda za muhula ujao zinaingia na taa inakonyeza mpaka naifunika kwa kitambaa. Juzi niliijibu shule moja kwa ujumbe wa shule nyingine, wakaniuliza sketi hizi ni za nani, na wao ni shule ya wavulana. Nahitaji mtu anayejua imeili, anayejua mizigo inafikaje Naivasha bila kupotea, anayeweza kutofautisha tai na kuku. Njoo na hiyo simu yako ya kioo, utumie wewe, picha za nembo ziingie kwako na barua ziingie kwangu. Kundi la chama utanisomea. Hivyo ndivyo nimezipima hizi simu mbili nikaona hakuna inayotosha peke yake, lakini zikikaa kibanda kimoja zinatosha.

Ukitaka kurudi Kigali baadaye, utarudi. Ukipata kazi kwingine, nitakusindikiza mpaka steji na nitawaambia makanga cheo chako kipya. Sikufungi. Nataka tu uache kutembea na kisanduku.

Kageha anakusalimia. Aliniona nikiteleka chai bila kumwita mtu, akaja akasimama mlangoni, mkono kiunoni vile vile. "Leo ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Aliingia, akamimina, akatia sukari nyingi, akanishikia kikombe. Kwa hivyo chai unayokunywa sasa na mimi nimeinywa, usidhani umeketi peke yako.

Jambo la mwisho. Nimeingia mwenyewe pale kwenye mipangilio uliponionyesha ile siku ya sakafuni. Imenichukua muda, nilifuta jina langu kwa bahati mbaya nikalirudisha. Barua zako zimekuwa zikinifikia bila mkia, nami sipendi mtoto wangu atembee hivyo. Kwa hivyo angalia chini kabisa. Ndivyo barua zangu zote zitakavyoondoka kuanzia leo, kwa shule, kwa hoteli, kwa kila mtu anayetafuta dereva wa lori. Nimeshawatumia wateja wote huo mkia mpya, kwa hivyo hakuna kubishana.

Niandikie siku ya basi tu. Mistari miwili inatosha. Nitaiona taa.

Mama yako, anayekujua hata usipoandika,

Mama Nafula
Mkurugenzi

Nafula
Meneja wa Oda na Mizigo

Nafula Yunifomu
Kawangware 56